Nilivyofundisha Majani Kupukutika Jeddah

Ninyi mnaotoka chuoni na diploma zenu bado zinanuka wino, nipeni sikio. Yangu mimi muhuri wake umefifia hata hausomeki, lakini imepanda ndege, imelala chini ya godoro Riyadh miaka miwili, imefundisha Jeddah miaka mitano, na imerudi Voi pamoja na mwenyewe, ambaye leo ana nyumba ya mawe ya vyumba vinne na chekechea yenye bembea mbili. Sisemi haya ili kujisifu. Basi, nasema ili kujisifu. Nimestaafu, magoti yananiuma, na sifa ndiyo dawa pekee isiyonisumbua tumbo.

Mkija kwangu mnaniuliza mambo ya kafili, yule mwajiri anayekudhamini, ya pasipoti, na ya wasichana waliorudi wakilia. Hayo yapo, mengine niliyaona kwa macho yangu, wala siyafanyii mzaha. Lakini kazi yangu mimi ilikuwa watoto wa miaka minne. Kwa hiyo nitawaeleza jinsi nilivyowafundisha watoto wa jangwani majira ya kupukutika majani, katika mji ambao mti ukiangusha jani moja, mfagiaji amelifikia kabla halijatua.

Niliondoka Kenya wakati ule ambapo kila nguzo ya umeme ilikuwa imebandikwa tangazo la wakala. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini na nimefundisha chekechea miaka kumi na minane. Wakala aliipokea diploma yangu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akasema, "Mama, hii itakufaa sana kule." Na ilinifaa. Kitanda nilichopewa Riyadh kilikuwa kimebonyea katikati, nikaitia chini ya godoro ndani ya bahasha yake ngumu, mgongo ukapata nafuu. Kazi nyingine haikuwa nayo, kwa sababu ikama yangu, ile kadi ya ukaazi, ilipotoka haikuandikwa mwalimu. Iliandikwa mfanyakazi wa nyumbani.

Nyumba ilikuwa nyuma ya maduka ya Sulimaniyah, na mwenye nyumba alikuwa Madam Hanan: mwanamke mwenye haraka, mwenye haki kwa kipimo chake, na mwenye pua inayonusa vumbi lililo nyuma ya ukuta. Alikuwa na binti mdogo aliyekataa kuhesabu. Walimletea vitabu vya picha, akavitafuna. Mimi nilikuwa na kapu la soksi za nyumba nzima. Nikamweka kando yangu, nikamwambia tutafute mwenzake wa hii. Yenye mistari na yenye mistari. Kubwa ya baba, ndogo ya kwako. Mbili, nne, sita. Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa anahesabu kwa jozi mpaka ishirini, na soksi zangu zinakunjwa bure. Madam alisimama mlangoni siku moja akatutazama. "Nani alikufundisha hivi?" Nikainua godoro, nikamwonyesha diploma.

Shikeni hilo: kifaa cha kufundishia ni kile ambacho mtoto amekwisha kukigusa kabla hujafika wewe. Nililijua kwa soksi, halafu nikalisahau kabisa, kama mtakavyoona.

Baba, mume wa Madam, alihamishiwa kazi Jeddah. Madam akafungua chekechea katika nyumba ya ghorofa mtaa wa Baghdadiyah, watoto chini, sisi wafanyakazi chumba cha juu darini. Mimi nilipelekwa kama msaidizi wa jikoni. Mwalimu wa Darasa la Njano alikuwa aje kutoka ng'ambo, lakini karatasi zake zikakwama, na shule inafunguliwa. Madam akaniita jikoni, mikono yangu imejaa povu.

"Kawasi," alisema, maana jina langu Mkawasi alilikata kichwa siku ya kwanza, "utashika Darasa la Njano wiki sita. Mwisho wa wiki ya sita akina mama watakuja kutazama somo la majira. Wakipendezwa, darasa ni lako, na nitamwambia baba abadilishe ikama yako. Wakinicheka, unarudi hapa kwenye sufuria. Umeelewa?"

Nilielewa. Wala msidhani nilitetemeka. Nilikausha mikono nikauliza, "Darasa liko wapi?"

Pamoja na darasa nilipewa boksi. Boksi lilitoka ng'ambo, limejaa vitu vya majira yao ya baada ya joto na kabla ya baridi: majani ya karatasi ya kukata na kupaka rangi, picha ya boga, picha ya mtoto aliyevaa sweta akikusanya majani kwa reki, na picha kubwa ya kindi mwenye mkia kama brashi ya chupa. Madam aliliheshimu boksi lile kuliko alivyoniheshimu mimi. Akina mama walikuwa wameambiwa kwamba masomo yanatoka ng'ambo, basi na yatoke ng'ambo.

Nikambandika kindi ukutani. "Huyu nani?" Darasa zima likasema panya. Nikawaonyesha boga, wakasema mpira. Nikauliza majani hufanya nini baridi ikija. Kulikuwa na mtoto anaitwa Turki, mnene, mwenye mashavu ya kuvutia kuyafinya, ambaye kila swali alilijibu kwa neno moja: "Mafi." Hakuna. Majani? Mafi. Upepo? Mafi. Mama yako anaitwa nani? Mafi. Nikajaribu sweta. "Nje kukiwa na baridi tunavaa nini?" Msichana mmoja akanionea huruma. "Abla," akasema, ndivyo walivyowaita walimu, "baridi iko ndani." Nikatazama. Watoto wote ishirini na wawili walikuwa wamevaa sweta, kiyoyozi kinanguruma juu ya vichwa vyao, na nje jua lingekaanga yai. Mtoto wa Jeddah huvaa sweta akiingia na huivua akitoka. Mimi na boksi langu tulikuwa tunamfundisha dunia kinyumenyume.

Hapo mwalimu mwenye akili angelisukuma boksi uvunguni. Mimi nilikuwa na diploma, kwa hiyo nilichukua muda mrefu zaidi.

Wiki ya kwanza nikataka wapake rangi yale majani ya karatasi. Kwetu ukitaka watoto wapake rangi unatandika magazeti sakafuni. Kwetu gazeti lina maisha marefu: asubuhi linasomwa, mchana linafunga nyama, jioni linawasha jiko, na matumizi mengine siyataji. Nikachukua magazeti ya baba kwenye rafu ya mlangoni, nikayatandika ukuta hadi ukuta, nikawavua watoto viatu, nikasema yalla, rangi. Ndipo Zuhura akapita na ndoo.

Zuhura alikuwa mwanamke wa Mombasa, rika langu, mwenye miaka tisa Jeddah. Kazi yake shuleni ilikuwa usafi na kahawa. Chuo cha ualimu hakukikanyaga. Lakini kama kuna aliyenifundisha kazi katika mji ule ni yeye, na nalisema hili kwa shida kwa sababu yu hai na ataringa.

"Mkawasi! Weye! Wataka turejeshwe sote na ndege ya jioni?"

"Kwani nimefanya nini?"

"Tazama chini, usome."

"Kiarabu sisomi, wajua."

"Basi mie nasoma. Hapo pana jina la Mungu. Hapo tena. Na hapo pana tangazo la mazishi lina aya nzima, na Turki aisimamia na miguu yake ya rangi ya machungwa!"

Tuliwanyanyua watoto mmoja mmoja kama mtu avunaye viazi, tukawaweka juu ya viti, tukakusanya magazeti. Nikataka kuyatia kwenye pipa la taka, akanishika mkono. Karatasi kama hizo huwekwa mbali na uchafu, katika mfuko wake, zikapelekwe mahali pa heshima. Aliyakunja moja moja, akayafuta rangi kwa ukingo wa kanga yake. Mimi ni Mkristo, na mpaka siku ile nilidhani heshima kwa dini ya watu ni kuvaa abaya na kunyamaza wakati wa adhana. Kumbe iko hata chini ya miguu. Sikufanya mzaha kwa siku mbili nzima, na wanaonijua wanajua hiyo ni adhabu gani.

Tangu siku hiyo nilitandika maboksi ya nepi yaliyopasuliwa. Hayana aya, yana picha ya mtoto anayecheka, na rangi haipenyi. Andikeni hilo. Na huku mnaandika, andikeni na la gundi: unga wa ngano, maji, chumvi kidogo, koroga motoni mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, kisha mgawie kila mtoto kijiko kimoja ndani ya kifuniko cha chupa. Ukimpa chupa nzima umempa shampuu. Mkasi mmoja kwa watoto wanne, nao ukae mkononi mwako. Watoto ishirini na wawili wenye mikasi ishirini na miwili ni kinyozi, si darasa.

Karatasi zikapakwa rangi, zikabandikwa, na watoto wakazisahau kabla hazijakauka. Nikakumbuka kwamba mtoto hujifunza kwa kugusa, nikaamua nataka majani ya kweli. Makavu, ya rangi ya dhahabu, yanayolia ukiyakanyaga. Nikamwendea Kimani, dereva wa basi letu dogo la shule, mwanamume wa Kiambu mwenye kitambi na maoni.

"Teacher, unataka majani makavu? Ya kupika nini?"

"Ya kufundishia."

"Si uwapatie karatasi tu! Hapa majani itakaukia wapi? Wale wasee wa usafi wanaamka saa kumi na moja. Ikifika saa moja mji umepanguswa kama sahani."

"Kimani, umeshindwa na jani?"

Hilo lilimuuma. Kesho yake alileta gunia la majani ya mwarobaini yaliyokatwa na mtunza bustani fulani, mabichi kabisa. Nikayaanika nusu yake juu ya paa. Jua la Jeddah halina subira ya kugeuza jani rangi. Liliyanyonya mchana mmoja, yakabaki ya kijivu na kuvunjika kama maganda ya karanga. Nusu iliyobaki nikaitia kwenye oveni ya shule kwa moto mdogo. Harufu ilitembea mpaka kwa jirani, na uchungu ukaingia kwenye mikate ya watoto ya saa nne. Turki aliuma mara moja, akautazama mkate, akanitazama mimi, akasema, "Halas." Basi, yatosha. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitumia neno tofauti, nikafurahi kidogo. Madam alishuka ngazi akinusa.

"Kawasi, nani mgonjwa?"

"Hakuna, madam."

"Basi kwa nini shule inanuka hospitali?"

Zuhura alifungua madirisha yote.

Aliyetuokoa ni Kimani, bila kukusudia. Alikuwa akilalamika wakati anakunywa chai jikoni. Yeye na madereva wengine walikaa Ruwais, kule karibu na bahari, na katika ua wao palikuwa na mti wa kuudhi. "Majani kubwa kama sahani. Ikizeeka inakuwa red, inaanguka tap, juu ya nguo tumefua. Kila siku ni kufagia."

Mimi na Zuhura tuliweka vikombe chini kwa pamoja. "Mkungu!" akasema Zuhura. "Huo ni mkungu, mti wa kungu, kwetu tele!" Nilitaka kumkumbatia Kimani, nikakumbuka nchi niliyomo.

Tangu hapo basi la shule likawa linakuja na majani. Siku nyingine matatu, siku nyingine saba, yamepangwa mbele ya kioo kama abiria. Watoto wakawa wanamngojea Kimani kuliko wanavyowangojea mama zao. Tulipanga majani kwa ukubwa. Tulipima jani kwa kiganja: la Turki viganja viwili. Tulilala kifudifudi tukasikiliza jani likivunjwa karibu na sikio. Tulihesabu mishipa, tukapitisha rangi juu ya karatasi iliyolala kwenye jani mpaka mishipa ikatokea kama uchawi. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa ndani ya boksi. Yalikuwa ndani yangu. Wiki ya sita nilikuwa na katoni nzima ya majani mekundu, na msiniambie kuna mwalimu mwingine Jeddah aliyekuwa nayo.

Alasiri ya kuamkia siku ya akina mama nikayamwaga yote sakafuni. Zulia la majani, ukuta hadi ukuta. Watoto wangeingia na mama zao wakiyakanyaga pamoja. Niliona picha hiyo ikipigwa, mimi nikiwa katikati. Nikapanda darini kupiga pasi abaya yangu nzuri.

Asubuhi nikafungua mlango wa darasa, sakafu ikanimulika kama kioo. Halikuwepo hata jani moja. Zuhura alikuwa amesimama pembeni ameshika ufagio, hanitazami.

"Zuhura. Majani yako wapi?"

"N'samehe, Mkawasi."

"Yako wapi?"

"Madam alipita jana, wewe uko juu wapiga pasi. Kafungua mlango, kapiga ukelele nikadhani kaona nyoka. Ati taka zimejaa darasa zima na kesho wageni. Nikamwambia, madam, hayo ni masomo ya Mkawasi. Akanambia masomo yako kwenye boksi, hii ni taka, fagia. Nikafagia."

"Ungeniita!"

"N'kuite uje ubishane naye? Ungekuwa jikoni jana hiyo hiyo."

Alisema kweli, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Nikakimbia nje, gari la taka lilikuwa limeshapita. Kimani alikuja na majani mawili, moja limetobolewa na wadudu. Na hapo hapo Madam akaingia na mafaili kifuani.

"Kawasi, nilikupa darasa safi ukalijaza uchafu. Wageni wanakuja saa tatu. Nataka kindi, nataka boga, nataka majani ya karatasi. Kama huwezi, sema sasa. Nitawaambia mwalimu bado anakuja, na wewe utamsaidia Zuhura kumimina kahawa."

"Naweza, madam."

Sikuwa naweza. Mzazi akija darasani hamwulizi mwalimu, humwuliza mtoto wake. Atamwonyesha picha aseme, habibi, hii ni nini? Na habibi atasema panya. Wazazi ishirini na wawili, panya ishirini na wawili, na mimi kwenye sufuria mpaka mkataba uishe.

Nikaingia jikoni ninywe maji. Zuhura alikuwa akipanga masinia ya wageni: birika za kahawa yenye iliki, vikombe vidogo, na tende. Baba alikuwa amenunua tende za msimu za kila namna. Za manjano, ngumu, bado mbichi. Za manjano nusu na kahawia nusu, kama zimechovywa. Za kahawia laini zinazotoa asali ukizigusa. Na zile kavu, nyeusi, zenye mikunjo kama uso wangu wa leo. Zote katika masinia manne, moja kando ya jingine.

Nikasimama na glasi mdomoni. Wiki sita nilitafuta kitu katika nchi ile kinachobadilika rangi joto likipungua na kinachoanguka chini kisipochumwa. Kilikuwa kinapita mbele yangu kila siku juu ya sinia.

"Usiguse," akasema Zuhura, maana alikuwa ananijua. "Za wageni hizo."

"Nazichukua."

"Madam ataniua."

"Ataniua mimi kwanza. Wewe utapata muda wa kukimbia."

Nilinawisha mikono arobaini na minne kwa sabuni, nikakalisha watoto duara juu ya maboksi ya nepi, nikaweka masinia katikati. Nikainua tende ya manjano. "Hii ni nini?"

Sikungoja jibu. Darasa lililokuwa bubu wiki sita lilipasuka kama sufuria ya bisi. Hii haijaiva! Hii inakwaruza ulimi! Bibi yangu anapenda hii! Na Turki, Turki wa mafi, alisimama akaanza kueleza habari za babu yake mwenye mitende Madina, anayefunga kamba kiunoni kupanda, na mfuko unaovikwa kwenye kichala ndege wasile, na tende zinazoanguka chini, na mbuzi anayezila, na kwamba mbuzi huyo ni mbaya. Alieleza mpaka jasho likamtoka kwenye kile kiyoyozi. Ndipo nilipojua kwamba kwa wiki sita nilikuwa nikimwuliza mtoto huyu maswali ya mtoto mwingine.

Tukazipanga. Kwanza ngumu, halafu nusu, halafu laini, halafu kavu. Tukabonyeza, tukanusa, tukaonja moja moja, tukahesabu mbegu. Mtoto mmoja akaweka jani la Kimani lililotobolewa mwishoni mwa mstari, akasema na hili limezeeka. Nikalia machozi kidogo. Siyo kidogo sana.

Saa tatu akina mama wakaingia, abaya zikivuma na manukato yakiwatangulia. Madam alikuwa mbele akieleza masomo ya ng'ambo. Akatazama meza ya wageni: birika, vikombe, na nafasi nne tupu. Kwa watu wale mgeni kupewa kahawa bila tende ni kama kwetu kupewa sima bila mboga. Uso wake ukabadilika.

"Kawasi! Tende za wageni ziko wapi?"

Alisema mbele ya wote. Nilikuwa naanza kufungua vifungo vya mikono ya nguo ili niende kuosha vyombo.

Turki akanyanyuka. Alichukua sahani yenye tende nne, akapita kati ya abaya zote, akaenda kwa bibi yake mzaa mama, mzee aliyekuwa amekuja na fimbo na hakuwa amependezwa na chochote tangu mlangoni. Akamkabidhi kwa mkono wa kulia. Ningependa kuwaambia nilimfundisha hilo. Alikuja nalo kwao.

"Hizi zipoje?" akauliza bibi.

"Hii ngumu, hii nusu, hii laini, hii ya mwisho. Joto likipungua zinageuka. Zikiachwa zinaanguka."

"Zikianguka anaokota nani?"

"Mimi. Mbuzi hapana."

Bibi alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Akaomba asaidiwe, akaketi chini kabisa, juu ya boksi la nepi, akaukagua mstari wetu. Ghafla akanyakua tende moja. "Nani kaiweka hii na za nusu? Hii ni aina nyingine, huiva ikiwa hivi! Mwalimu wenu hajui tende?"

Watoto wakanitazama. Yule msichana wa sweta akajibu kwa upole, kama anavyojibu mtu anayemtetea mgonjwa: "Abla anatoka Kenya. Bado anajifunza."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao, kwani ningefanyaje? Baada ya hapo hakuna aliyebaki kwenye kiti. Akina mama waliketi chini na abaya zao za bei, wakibishana ni ya Madina au ya Qassim, kila mtoto akimletea mama yake tende, na Madam Hanan mwenyewe akipita na birika kumimina kahawa kwa sababu Zuhura alikuwa amejificha chooni.

Walipokuwa wanaondoka, bibi alisimama mlangoni akanielekezea fimbo. "Hanan. Huyu ndiye mwalimu wao?"

Madam alinitazama. Akatazama sakafu, ambako mbegu moja ya tende ilikuwa imelala, nikaona mkono wake ukiitamani.

"Kwa sasa," akasema.

Mnataka kujua habari ya ikama. Ilibadilishwa, ndiyo, baada ya miezi mingi ya kesho na keshokutwa. Nafasi ya ualimu haikupatikana, kwa hiyo ikaandikwa mfagiaji wa shule. Kwenye karatasi za serikali nilifagia mpaka siku ya kuondoka, na waliofagiwa leo wako sekondari. Msiifuate njia hiyo. Hakikisheni kazi iliyoandikwa kwenye mkataba ndiyo mtakayofanya, maana si kila madam ni Hanan, na hata Hanan si kila siku. Lakini hayo sikuyajua asubuhi iliyofuata siku ya akina mama. Nilijua neno "kwa sasa" tu, na nililigeuza pande zote nisione mlango wake.

Wageni walipoondoka Madam hakuniambia lolote. Kwa hiyo kulipokucha nilifanya ambalo mtu mwenye akili angefanya: nilijifunga kitambaa, nikaingia jikoni, nikakamata sufuria ya wali iliyoungua. Zuhura alikuwa kando anachambua iliki. Madam akaingia kutafuta miwani yake.

"Kawasi, unafanya nini?"

"Naosha, madam."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa mbili kasoro."

"Darasa la Njano linaanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akaiona miwani juu ya jokofu, akaivaa, akanitazama vizuri kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Na yale majani," akasema, "ukiyaleta tena, yaweke ndani ya sinia. Sakafu si shamba." Akatoka.

Nilibaki na sponji mkononi, maji yananitiririka mpaka kiwikoni. Zuhura akanipokonya sufuria.

"Nenda, Mwalimu," akasema. "Hii n'takuoshea. Ya kesho waosha mwenyewe."